Kitengela Kuna Kazi au Hakuna? Soma Takwimu za Ajira, Kisha Soma Simu Yako

Kila mwaka takwimu mpya za ajira zikitoka, maswali huwa ni yale yale. Redioni unasikia kwamba kazi mpya zaidi ya laki saba zimepatikana. Halafu asubuhi saa kumi na mbili unapita karibu na geti la kiwanda pale Athi River, unaona watu wamepanga foleni wakisubiri kuitwa vibarua, na wengi wanarudi nyumbani mikono mitupu. Sasa hizo kazi zilienda wapi? Kwani kuna mtu anatudanganya?

Hapana. Shida ni kwamba takwimu zinajibu swali moja na wewe unauliza lingine. Takwimu zinauliza: je, watu wanafanya kazi? Wewe unauliza: je, kazi hiyo italipa kodi ya nyumba tarehe tano?

Katika somo hili tutajifunza mambo mawili. Kwanza, jinsi ya kusoma takwimu za ajira bila kuchanganyikiwa, tukitumia Kitengela na kaunti ya Kajiado kama mfano. Pili, jinsi ya kutumia taarifa ya miamala ya simu yako kupata takwimu ambayo hakuna ofisi inayoweza kukupa: ile ya kazi yako mwenyewe.

Nani anahesabiwa kuwa hana kazi?

Hebu tuchukue ploti moja ya kupangisha, vyumba vinne, majirani wanne. Huu ni mfano tu, lakini ukiishi Kitengela utawatambua.

Chumba cha kwanza anaishi mama aliyekuwa mshonaji kwenye kiwanda cha nguo. Mkataba wake uliisha wiki mbili zilizopita na kila asubuhi anaenda getini kuuliza. Chumba cha pili ni fundi wa mjengo ambaye wiki iliyopita alipata siku mbili tu za kazi. Chumba cha tatu ni mama mboga, anauza siku sita kwa wiki na faida yake ni kama bob 250 kwa siku. Chumba cha nne ni kijana aliyemaliza chuo. Alituma maombi mwaka mzima, akachoka, na sasa ni miezi mitatu hajatuma popote.

Ukiwauliza majirani hawa, watatu au hata wote wanne watakuambia hawana kazi ya maana. Lakini Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, hutumia vipimo vya kimataifa. Aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja ndani ya siku saba zilizopita anahesabiwa ana kazi. Asiye na kazi, kwa kipimo kikali, ni yule ambaye hakufanya kazi, ametafuta kazi katika wiki nne zilizopita, na yuko tayari kuanza.

Kwa hivyo fundi ana kazi. Mama mboga ana kazi. Kijana wa chumba cha nne hahesabiwi kabisa miongoni mwa wasio na kazi, kwa sababu ameacha kutafuta. Anayebaki ni mshonaji peke yake. Na kesho huyo mshonaji akiitwa kufulia mtu nguo alipwe bob 400, basi wiki hiyo ploti nzima haina hata mtu mmoja asiye na kazi!

Hilo si kosa la hesabu. Kipimo hiki kinafaa kulinganisha nchi na nchi, au mwaka na mwaka. Kwa mfano, kilionyesha wazi pigo la korona: kiwango cha ukosefu wa ajira kilikuwa asilimia 5.2 katika miezi mitatu ya kwanza ya 2020, kikapanda hadi asilimia 10.4 kati ya Aprili na Juni. Waliokuwa na kazi walipungua kutoka milioni 17.59 hadi milioni 15.87. Vijana wa miaka 20 hadi 29 ndio walioumia zaidi, maana zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa hana kazi.

Kwa hivyo unaposikia asilimia ya ukosefu wa ajira, jiulize maswali matatu:

- Wanaofanya kazi siku mbili kwa wiki wamewekwa upande gani?
- Waliokata tamaa wakaacha kutafuta wako wapi?
- Takwimu hii ni ya nchi nzima au ni ya kaunti yangu?

Swali la tatu ni muhimu sana. Ile asilimia 10.4 ilikuwa ya Kenya yote. Haikusema lolote kuhusu Kitengela, wala Magadi, wala Loitokitok.

Kazi mpya zipo, lakini ni za aina gani?

Mwaka 2024, kwa mujibu wa KNBS, Kenya ilipata kazi mpya 782,300. Mwaka uliotangulia zilikuwa 848,200, kwa hivyo kasi ilipungua. Katika hizo za 2024, kazi 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi, yaani jua kali, vibanda, bodaboda, saluni, gereji na biashara ndogo ndogo. Hiyo ni karibu kazi tisa katika kila kumi.

Sasa unaona kwa nini redio na geti la kiwanda vinasema mambo tofauti. Aliye getini anatafuta ile kazi moja kati ya kumi, yenye mkataba na mshahara wa mwisho wa mwezi. Zile tisa nyingine ziko barabarani: mtu amefungua kibanda cha chipsi, mwingine amechukua pikipiki kwa mkopo. Zote zimehesabiwa kuwa ni kazi mpya, na ni kazi kweli. Tofauti ni kwamba hazina mshahara unaojulikana.

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa Kajiado asilisahau. Hesabu hiyo ya kazi mpya haiwajumuishi wakulima wadogo wala wafugaji. Katika kaunti ambayo ng'ombe, mbuzi na kondoo ni riziki ya familia nyingi, hilo ni pengo kubwa. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 2023 uliua mifugo wengi. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake wote hakuonekana popote kama mtu aliyefutwa kazi. Lakini kijana wake aliyekuja Kitengela kuwa mlinzi wa usiku huenda alihesabiwa kama kazi mpya iliyopatikana. Familia hiyo imepoteza, na takwimu imepanda.

Mipaka ya kaunti haizuii matatu

Sensa ya 2009 ilipata watu 687,312 Kajiado. Sensa ya 2019 ikapata 1,117,840. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya asilimia 60 ndani ya miaka kumi. Mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na watu 154,436.

Je, watu hao wote walifuata kazi zilizoko Kajiado? Wengi walifuata nyumba na ploti za bei nafuu, huku kazi zao zikiwa kwingine. Ukitoka Kitengela kwa Barabara ya Namanga kuelekea kaskazini, mwendo mfupi tu uko Athi River, kaunti ya Machakos, kwenye viwanda vya saruji na eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ. Ukiendelea mbele uko Nairobi. Mtu anaweza kulala Kajiado, kufanya kazi Machakos, na kununua bidhaa za duka lake Nairobi, siku moja.

Ndiyo maana ni vigumu kusema kaunti fulani "imeongeza kazi". Utafiti unaofanywa nyumbani humhesabu mtu pale anapoishi. Hesabu inayotoka kwa waajiri huiweka kazi pale kampuni ilipo. Mshonaji wetu wa chumba cha kwanza ni mkazi wa Kajiado mwenye kazi, na papo hapo kazi yake ni ya Machakos.

Hili lina maana gani kwa mfuko wako? Lina maana kwamba habari za kaunti jirani ni habari zako. Viwanda vingi vya nguo pale EPZ vimekuwa vikiuza Marekani kupitia mpango wa AGOA ulioanza mwaka 2000, na muda uliowekwa wa mpango huo ulifika Septemba 2025. Oda za ng'ambo zikipungua, wa kwanza kuathirika ni mshonaji wa mkataba mfupi. Wa pili ni mama mboga wa Noonkopir anayemuuzia sukuma jioni akitoka kazini. Wa tatu ni mwenye ploti. Hakuna hata mmoja kati ya hao wawili wa mwisho aliyewahi kuuza kitu Marekani.

Na hata ndani ya Kajiado, kazi si za aina moja. Kaskazini, yaani Kitengela, Rongai, Ngong na Kiserian, riziki inafuata Nairobi: mjengo, usafiri, maduka. Magadi imejengwa juu ya magadi yenyewe, na kampuni ya kuchimba imekuwepo tangu 1911. Loitokitok wana mashamba ya kunyunyizia maji na wageni wa Amboseli. Mwezi mbaya wa mmoja unaweza kuwa mwezi mzuri wa mwingine. Kwa hivyo takwimu moja ya kaunti nzima, hata ikiwa sahihi kabisa, haiwezi kukupangia bajeti.

Sasa fungua simu yako

Hapa ndipo unaingia wewe. Kama unalipwa kwa simu, au unapokea malipo ya wateja kwa simu, tayari una rekodi ya kazi yako. Ifanyie hivi:

Hatua ya 1. Omba taarifa ya miamala ya miezi sita. Ukipata ya mwaka mzima, bora zaidi.

Hatua ya 2. Chukua kalamu, pitia pesa zilizoingia, na uzigawe katika mafungu manne: malipo ya kazi, mauzo ya biashara, pesa ulizotumiwa na ndugu, na mikopo. Halafu weka kando mafungu mawili ya mwisho. Mkopo si kipato, hata kama ujumbe wake unafurahisha kuliko ule wa mshahara. Pesa za chama ulizopokea zamu yako ikifika pia zisiingie hapa, kwa sababu ni akiba yako inarudi.

Hatua ya 3. Kama sehemu ya malipo yako ni ya mkononi, iongeze. Kuanzia leo iandike siku ile ile, maana baada ya wiki hutakumbuka.

Hatua ya 4. Hesabu ni wiki ngapi hukuingiza chochote. Hicho ndicho kiwango chako cha ukosefu wa ajira. Wiki 5 tupu kati ya 26 ni karibu asilimia 19, haijalishi redio imesema nini.

Hatua ya 5. Tafuta mwezi wa chini kabisa.

Tuone mfano wa fundi wetu wa mjengo. Kipato chake cha miezi sita ni hiki:

- Januari: 9,500
- Februari: 21,000
- Machi: 24,000
- Aprili: 8,000
- Mei: 11,000
- Juni: 22,500

Jumla ni 96,000. Ukigawa kwa sita unapata 16,000 kwa mwezi. Sasa kosa ambalo watu wengi hufanya ni kuishi kama mtu wa 16,000. Wanachukua nyumba ya 5,500, kisha wanaongeza mkopo wa kulipa 3,000 kila mwezi. Jumla ni 8,500, na kwa mtu wa 16,000 hesabu inakubali. Lakini Aprili, mvua ikinyesha na mjengo ukisimama, fundi ana 8,000. Amepungukiwa na 500 kabla hajanunua hata unga. Anachukua mkopo wa simu kufidia pengo, Mei inaanza na deni, na Mei yenyewe ni mwezi mbaya.

Deni lake halikuletwa na uvivu wala anasa. Lilitokana na kupanga matumizi ya kila mwezi kwa kipato ambacho hakiji kila mwezi.

Kanuni mbili za kipato kisichotabirika

*Kanuni ya kwanza: gharama zisizokwepeka zipimwe kwa mwezi wa chini.* Kodi, malipo ya mkopo na karo visizidi kile unachopata mwezi ulio mbaya. Kwa fundi wetu, kama ana uhuru wa kuchagua, nyumba ya 4,500 bila mkopo inamwachia 3,500 ya chakula mwezi wa Aprili. Ni kidogo, lakini hakuna anayemfungia mlango.

*Kanuni ya pili: mwezi mzuri ulipe mwezi mbaya.* Februari, Machi na Juni vimezidi 16,000 kwa jumla ya 19,500. Januari, Aprili na Mei vimepungua kwa 19,500 hiyo hiyo. Yaani pesa ipo, ila inakuja vibaya. Siku malipo yanapoingia, hamisha ziada kwenye akaunti ya akiba kabla ya kupanga jambo lingine. Na kwa kuwa Januari inatangulia Februari, akiba yake lazima itoke mwaka uliopita.

Ndani ya akiba hiyo kumbuka bima ya afya ya SHA. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mwajiri huchangia mwenyewe kulingana na uwezo wa kaya yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima. Hiyo ni 3,600 kwa mkupuo, na kwa mtu wa kibarua ni mzigo. Lakini ukiweka bob 70 kila wiki, mwaka ukiisha una 3,640.

Taarifa yako ni ushahidi pia

Wengi wetu huitwa vibarua hata baada ya kufanya kazi mahali pamoja miezi na miezi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba ukifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, ajira yako inaweza kuchukuliwa kuwa ya mkataba wa malipo ya mwezi. Hapo unapata haki ambazo kibarua hana, ikiwemo kupewa notisi kabla ya kuachishwa.

Shida huwa ni kuthibitisha. Mwajiri akisema "huyu alikuja siku mbili tatu", wewe una nini? Kama ulilipwa kwa simu, una tarehe, kiasi na jina la aliyetuma. Taarifa hiyo peke yake haimalizi kesi, lakini ofisa wa leba akikuuliza, una pa kuanzia. Kwa hivyo usikubali malipo yako yapitie kwenye simu ya mtu mwingine kama unaweza kuepuka. Mbali na hatari ya kukatwa, unapoteza rekodi yako ya kazi.

Njaa ya kazi na matapeli

Mahali penye foleni ya kutafuta kazi, tapeli naye yupo. Ujumbe unakuja hivi: "Umechaguliwa kazi EPZ. Tuma 1,500 ya fomu na vipimo vya afya leo kabla ya saa kumi, nafasi ni chache." Mshonaji wetu ambaye amerudi nyumbani mikono mitupu wiki mbili atasoma ujumbe huo kwa moyo, si kwa macho. Tapeli anajua hilo.

Kabla ya kutuma hata shilingi moja:

- Uliza jina la kampuni, halafu nenda mwenyewe hadi ofisini au getini ukathibitishe. Athi River si mbali.
- Kama ni wakala wa ajira, uliza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na uthibitishe huko.
- Kazi za serikali ya kaunti hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na kutuma maombi hakulipiwi.
- Ukiharakishwa, simama. Kazi ya kweli inaweza kusubiri upige simu moja.
- PIN yako haihusiani na kuajiriwa popote. Usimpe mtu, hata akisema ni ya "kusajili mshahara".

Kama tayari umetuma, tupigie simu mara moja kwa nambari ya huduma kwa wateja iliyo ndani ya programu yetu, ukiwa na nambari ya muamala. Usifuate nambari ambayo tapeli amekupa. Kisha piga ripoti kituo cha polisi. Dakika za kwanza ndizo muhimu, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha.

Zoezi la wiki hii

Jumapili hii tafuta nusu saa. Pata taarifa yako ya miezi sita na uandike nambari nne kwenye karatasi: wastani wako wa mwezi, mwezi wako wa chini kabisa, wiki zako tupu, na jumla ya gharama usizoweza kuzikwepa. Kama nambari ya nne ni kubwa kuliko ya pili, usichukue mkopo mpya mwezi huu. Anza kwa kupunguza gharama moja, au kuweka ziada ya malipo yajayo.

Halafu mwaka ujao takwimu za ajira zikitangazwa, zisikilize. Zitakuambia nchi inaelekea wapi. Karatasi yako itakuambia kama mwezi wa Aprili utakukuta umejipanga.